Hadithi tisa zilizoishia njiani: nianze wapi kujifunza uandishi wa kubuni?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandika mashairi tangu nikiwa sekondari, na nina hadithi fupi tisa ambazo zote zimeishia njiani. Napenda sana michezo ya redio na filamu, na sasa rafiki yangu anayetengeneza gemu za simu ameniomba nimwandikie kisa. Wapo wanaoniambia nichague utanzu mmoja nibobee kwanza, maana mshika mbili moja humponyoka. Wengine wanasema nitafute kozi. Muda nilio nao ni saa moja tu kila usiku, siku tano kwa wiki. Nianze na nini? Na je, ni tamaa kutaka kuandika vyote?

Jibu: Marahaba. Nimesoma barua yako mara mbili, na kilichonishika si gemu wala redio. Ni hizo hadithi tisa. Mtu mwenye hadithi moja iliyokwama huenda alikosa muda tu. Mwenye tisa amekosa kitu kilekile mara tisa, na upungufu huo utamfuata redioni, jukwaani na hadi kwenye simu ya rafiki yake. Kwa hiyo tuanzie hapo, mengine yatafuata.

Sijaziona, lakini nimepitia rasimu nyingi za namna hiyo kiasi kwamba nathubutu kubashiri. Zinaanza vizuri. Mandhari yapo, lugha ni tamu kwa sababu wewe ni mshairi, mhusika anaamka, anawaza, anakumbuka, anatoka, anakutana na mtu. Kufikia ukurasa wa nne unaona kisa kimechoka, unafungua daftari jingine. Lawama nusu naitupia sarufi yetu. Kiswahili kimetujalia kiambishi -ka-, na sijui kama msimulizi amewahi kupewa zawadi tamu kuliko hiyo: aliamka, akavaa, akatoka, akafika, akabisha. Ukishaweka -li- moja mbele, hizo -ka- zinajipanga nyuma yake kama mabehewa, na unaweza kusafiri kurasa kumi bila kugundua kwamba hakuna tukio hata moja lililozaliwa na lile lililolitangulia. -Ka- inasema "kisha". Haisemi "kwa hiyo".

Mwandishi wa Uingereza E. M. Forster aliligusa jambo hili katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1927. Mfalme akafa, kisha malkia akafa: hayo ni masimulizi tu. Malkia akifa kwa majonzi ya kufiwa na mfalme, hapo pana msuko. Vifo ni vilevile viwili; kilichoongezeka ni kamba inayoviunganisha.

Chukua basi moja ya hizo tisa, andika kila tukio kwenye mstari wake, halafu kati ya mstari na mstari jaribu kuingiza "kwa hiyo" au "lakini". Pale ambapo hakuna neno linalokubali kukaa isipokuwa "kisha", pigia mstari mwekundu. Hadithi ilikata roho hapo, hata kama wewe uliendelea kuiandikia kurasa tatu zaidi bila kujua. Halafu mtazame mhusika mkuu: anataka nini, na kukipata kutamgharimu nini? Nikiuliza swali hilo darasani huwa najibiwa "anatafuta furaha". Furaha haitafutiki kwenye karatasi. Ufunguo unatafutika, saini ya baba inatafutika, msamaha wa mtu fulani kabla ya saa fulani unatafutika.

Sasa tuje kwenye mshika mbili. Methali hiyo ina haki yake kwa mtu anayekimbiza visa tisa kwa mpigo, yaani kwako kama ulivyo leo. Ninachokushauri mimi ni kushika kimoja tu, kisha kukipitisha katika vyombo vinne au vitano: hadithi, redio, filamu, jukwaa, gemu. Sababu yangu ni kwamba kila chombo kinakunyima kitu, na mwandishi hujifunza chombo kupitia kile alichonyimwa. Redio inakunyima macho. Filamu inakufungia mlango wa kichwa cha mhusika. Jukwaa halikuruhusu kumsogeza mtazamaji karibu hata inchi moja. Shairi linakubana nafasi. Gemu inakupokonya mamlaka ya kuamua. Unapobanwa ndipo unapolazimika kubuni. Mtu aliyeandika nathari, yaani maandishi yasiyo ya kishairi, peke yake kwa miaka kumi hajui ni mara ngapi ameegemea "aliwaza kwamba", kwa sababu hakuna aliyewahi kumwondolea gongo hilo.

Nitunge kisa hapa hapa tukitumie kama kitambaa cha kukata.

Ndugu wawili. Miaka 12 iliyopita mdogo alipokea barua yenye jina la mkubwa. Akaifungua. Ilikuwa nafasi ya masomo katika nchi ya mbali. Mzazi wao alikuwa kitandani, na mdogo hakutaka kuachwa peke yake na ugonjwa ule, kwa hiyo akaificha barua. Mkubwa hakwenda popote. Leo mdogo anabisha hodi kwa nduguye, barua iko mfukoni.

Basi, ndiyo yote. Lakini hesabu kilichomo: mtu anayetaka kitu, kitu kinachoshikika mkononi, siri, na tendo ambalo likishafanyika halirudishiki.

Iandike kwanza kama hadithi fupi, maneno 1,500, nafsi ya kwanza, mdogo akisimulia. Usizidishe. Mwandishi wa Marekani Edgar Allan Poe aliandika mwaka 1842 kwamba ubora wa hadithi fupi uko katika kusomwa kwa kikao kimoja na kulenga athari moja, na ingawa watu wameshabishana naye sana tangu hapo, kwa anayejifunza ni kipimo kizuri: ukimaliza, je, unaweza kutaja kwa neno moja hisia uliyotaka kumwachia msomaji? Katika nathari una uhuru mkubwa wa wakati. Sentensi moja inaweza kumeza miaka 12, na inayofuata ikakaa nusu ukurasa kwenye sekunde tatu za mkono kushika karatasi. Kosa la kawaida la wanaoanza ni kugeuza hesabu hiyo. Wanaikimbia ile sekunde ngumu, kisha wanatumia kurasa mbili kueleza safari ya basi.

Nathari ya Kiswahili ina siri nyingine ambayo wenzetu wa lugha nyingi wangeinunua kama ingeuzwa. Kiambishi a- hakisemi kama mtu ni wa kike au wa kiume. Rudi ukitazame kisa changu: sikukuambia kama hawa ndugu ni wasichana, wavulana, au mmoja na mmoja. Nina hakika ulishawapa sura bila kuniuliza. Unaweza kuandika hadithi nzima hivyo na msomaji asione pengo, na unaweza pia kuliacha pengo hilo lifanye kazi, ukifichua kwenye mstari mmoja karibu na mwisho na kumlazimisha arudi nyuma. Redioni siri hiyo inaishi mpaka mhusika atakapovuta pumzi ya kwanza.

Tuingie basi redioni, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipofundishwa kuandika.

Katika mswada wangu wa kwanza wa redio niliandika kwa fahari kubwa: "Anatikisa kichwa kukubali." Mtayarishaji aliusoma, akavua miwani, akasema: "Hebu nisikilizishe hicho kichwa." Studio nzima ikacheka. Nilirudi na mswada nyumbani nikakuta mambo 11 ya namna hiyo: tabasamu, macho yaliyoinama, barua iliyofifia rangi. Vyote havina sauti. Usiku ule nilijifunza zaidi ya nilivyokuwa nimejifunza kwenye daftari zote.

Barua ya ndugu wetu lazima isikike. Karatasi iliyokunjwa miaka mingi hulia kikavu inapofunguliwa, tofauti na karatasi mpya. Msikilizaji akiusikia mlio huo mapema, mdogo akiwa peke yake mlangoni, huhitaji kumwambia chochote baadaye. Katikati ya mazungumzo ya kawaida kabisa kuhusu watoto na mvua, mlio ule ukirudi, atajua mkono umeingia mfukoni. Huo ndio mkono wako wa kuonyesha. Na kimya pia ni mlio. Sekunde tatu za kimya redioni ni ndefu kuliko ukurasa wa majuto, mradi tu uwe umeandika swali zito kabla yake.

Punguza sauti. Wahusika watatu wanatosha kwa mchezo wa dakika kumi, na wasiwe na umri na namna moja ya kusema. Waitane majina mwanzoni ili msikilizaji awatofautishe, kisha waache. Hakuna ndugu wanaotajana jina kila sentensi. Na jihadhari na ugonjwa mkubwa wa redio, ule wa mtu kumweleza mwenzake jambo wanalolijua wote wawili: "Kama unavyokumbuka ndugu yangu, mzazi wetu aliugua miaka 12 iliyopita." Nani anaongea hivyo? Tiba yake ni ugomvi. Watu wanapogombana husema yale yanayojulikana, tena kwa ukali na kwa kuyapotosha: "Wewe ulikuwa wapi siku zile? Nani alikuwa anamgeuza kitandani?" Habari ni ileile, lakini sasa imekuwa silaha, na msikilizaji ameipokea bila kujua kwamba amefundishwa.

Kuhusu urefu, usiamini sana vipimo vilivyotolewa kwa lugha nyingine. Kwa Kiingereza hukadiriwa maneno yapata 150 kwa dakika. Lakini neno letu moja, kama "nimeificha", limebeba mtendaji, wakati, kitu na tendo kwa pamoja, kwa hiyo kurasa zetu zina maneno machache na silabi nyingi. Soma kwa sauti, saa ikiwa mbele yako. Kusoma kwa sauti kutakufaa pia kwa jingine: sentensi inayokukata pumzi wewe itamkata mwigizaji.

Ukitaka kuona mtu aliyeelewa kwamba chombo si chupa ya kumiminia kisa tu, tazama kilichofanyika Marekani tarehe 30 Oktoba 1938. Mwongozaji na mwigizaji Orson Welles na wenzake walipeleka redioni riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1898 kuhusu uvamizi kutoka sayari ya Mirihi. Sehemu ya kwanza hawakuisoma kama masimulizi. Waliigeuza kuwa taarifa za dharura zinazokatiza muziki, kama vile redio yenyewe imepatwa na jambo. Magazeti ya kesho yake yalitia chumvi nyingi kuhusu hofu iliyowapata watu, lakini ni kweli kwamba baadhi ya wasikilizaji waliamini. Jiulize hivyo kuhusu kila chombo: hiki, kwa tabia yake, huwa kinapitisha nini kila siku, na kisa changu kinaweza kujivika nguo hiyo? Barua ya ndugu wetu inaweza kuwa ujumbe wa sauti unaorekodiwa, unafutwa, unarekodiwa tena.

Filamu sasa. Badilisha kiambishi. Acha -li- na -ka-, andika -na-: "Anafungua mlango. Anasita." Skripti huandikwa kwa wakati uliopo kwa sababu mtazamaji anaona sasa hivi. Na andika kinachoonekana au kinachosikika tu. "Mdogo anajuta" si sentensi ya skripti. Mpiga picha ataelekeza kamera wapi? "Mdogo anaingiza mkono mfukoni. Anautoa mtupu." Hiyo inapigika picha, na majuto yamo. Kuna desturi ya kukadiria kwamba ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa kwa mpangilio wa kawaida ni sawa na dakika moja ya filamu, kwa hiyo ukiona umejaza kurasa tatu za ndugu wawili wamekaa wakiongea, hizo ni dakika tatu za watu wamekaa.

Takribani miaka 100 iliyopita mwongozaji wa Urusi Lev Kuleshov alifanya jaribio ambalo bado linafundishwa. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji mmoja, uso usioonyesha kitu, akaiunganisha na picha ya bakuli la supu, kisha uso uleule na jeneza. Watazamaji walisoma njaa kwenye uso wa kwanza na huzuni kwenye wa pili. Maana haikuwa usoni. Ilizaliwa pale picha mbili zilipogusana. Kwa mwandishi huu ni ukombozi: huna haja ya kumwagiza mwigizaji alie. Andika uso wa mkubwa, halafu andika anachokitazama. Ukutani kuna cheti cha mtoto wa mdogo kutoka chuo. Uso. Cheti. Uso. Zoezi langu kwa wanafunzi ni kuandika kisa chao chote kwa kurasa mbili za skripti bila neno hata moja la mazungumzo. Wananung'unika, kisha wakirudi kwenye hadithi zao fupi wanakuta nusu ya mazungumzo hayakuhitajika.

Jukwaa nitalipita haraka. Aliyekaa safu ya mwisho haoni barua, anaona tu jinsi watu wanavyoizunguka. Kwa hiyo huiandiki barua yenyewe. Unaandika kiti ambacho mdogo hataki kukikalia kwa sababu koti lenye barua limetundikwa pale, na mkubwa anayeendelea kumsihi, "kaa basi". Tena huwezi kukata ukaruka. Kama unataka mkubwa atoke ili mdogo abaki peke yake, mpe sababu ya kutoka, na sababu ya kurudi wakati mbaya.

Shairi unalijua, sitakufundisha. Nitasema tu kwamba mshororo wenye mizani 16, nane kwa nane, ni shule nzuri ya kubana, na kwamba kisa chetu kizima kinaweza kusimama kwenye mshororo mmoja: *Barua nimeificha, na jina lako li juu.* Hesabu mwenyewe. Shairi halihitaji kusema nani alijibu nini. Hata hivyo nahisi ushairi ndio unaoziua hadithi zako. Mshairi huridhika na sentensi, akishapata sentensi tamu hupumzika. Msomaji wa hadithi hajaja kupumzika. Amekuja kujua kama barua itatoka mfukoni.

Na sasa gemu ya rafiki yako. Watu huiogopa kwa hesabu zake, na wana haki. Ukimpa mchezaji njia mbili katika kila kituo, na vituo vikiwa kumi, na njia zikiwa hazikutani tena, utapaswa kuandika miisho 1,024. Hakuna mwenye saa moja usiku anayeweza hilo. Waandishi wa gemu huzitenganisha njia kisha huzikutanisha tena: mchezaji anaweza kumjibu nduguye kwa upole au kwa hasira, lakini vyovyote vile wataishia jikoni, na kinachobadilika ni namna mkubwa anavyomtazama. Kinachonivutia zaidi mimi ni hatia. Katika hadithi, msomaji anamhukumu mdogo. Katika gemu, unaweza kumfanya mchezaji mwenyewe aifiche barua. Dakika ya kwanza kabisa, kabla hajajua lolote, mpe kazi ya kupanga chumba: kitabu rafuni, nguo kabatini, bahasha drooni. Anabofya, anaendelea. Saa moja baadaye anagundua alichokifanya. Hakuna chombo kingine kinachoweza hilo, na kama chombo kina kitu ambacho vingine havina, hicho ndicho cha kukijengea.

Kabla hujamkubalia, muulize rafiki yako mambo mawili: vidole vya mchezaji vinafanya nini muda mwingi, na ana uwezo wa kutengeneza vyumba vingapi. Majibu hayo ndiyo mandhari yako. Mengine utayazungusha humo.

Umeniuliza pia kuhusu tanzu, nami nimekuwa nikisema vyombo. Si kitu kimoja. Hadithi ya upelelezi inaweza kuwa filamu, redio au gemu; chombo ni njia anayopokea msomaji, na utanzu, kwa maana hii, ni ahadi kuhusu swali atakalolibeba mpaka mwisho. Kisa chetu kikiwa cha upelelezi, swali ni "nani aliificha barua?", na mdogo lazima awe mmoja tu kati ya watu wanne waliokuwa nyumbani siku ile. Kikiwa cha kutisha, barua inatupwa na inarudi. Kikiwa cha mapenzi, mwandishi wa barua si chuo bali mtu, na mtu huyo bado anasubiri. Unaona kwamba kinachohama hasa ni kitu kimoja: nani anajua nini, na lini.

Hapo mwongozaji Alfred Hitchcock ana mfano ambao sijaona mwingine unaoushinda, aliompa mwongozaji mwenzake wa Ufaransa, François Truffaut, katika mahojiano yao ya mwaka 1962. Watu wanaongea mezani, bomu lililo chini ya meza linalipuka. Mtazamaji anapata sekunde 15 za mshtuko. Lakini mwonyeshe bomu kwanza, mwonyeshe na saa ukutani, kisha waache watu walewale waendelee na porojo zilezile: umempa dakika 15 za taharuki. Kwa kisa chetu maana yake ni kwamba unapaswa kuamua mapema. Msomaji aijue barua tangu mlangoni, ahangaike nayo kwenye kila "karibu" na kila "za huko", au aishtukie mwishoni pamoja na mkubwa? Mimi ningemwambia tangu mlangoni. Wanaoanza hupenda mno kuficha, wakidhani siri ndiyo inayoshika msomaji, kumbe msomaji asiyejua kitu hana cha kuhofia.

Kozi? Sikukatazi. Warsha za uandishi vyuoni zina historia ndefu. Ile maarufu ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ilianzishwa mwaka 1936, na mtindo wake wa wanafunzi kusomeana kazi na kuzijadili mezani umeigwa kila pembe. Unachokipata humo hasa ni tarehe ya kuwasilisha na watu wa kukusoma, na vyote viwili unaweza kuvipata kwa marafiki watatu wenye adabu. Kuna tahadhari moja. Usiwaulize "mmeionaje?", maana watakusifu au watakuandikia hadithi yao. Waulize wapi walichoka, wapi walipotea, na walidhani nini kitatokea baada ya ukurasa wa pili. Wakionyesha mahali penye tatizo, waamini. Wakikuambia namna ya kulirekebisha, shukuru, kisha fanya ujualo, kwa sababu kidonda kwa kawaida kiko kurasa mbili nyuma ya pale wanapohisi maumivu.

Saa tano kwa wiki zinatosha. Wiki mbili za kwanza andika nathari mpaka nukta ya mwisho, hata kama mwisho ni mbaya. Mwisho mbaya unarekebishika, lakini usioandikwa haurekebishiki. Wiki ya tatu usiandike kitu chako. Tafuta tukio moja la filamu unayoipenda, dakika tatu hivi, lizime sauti, uandike skripti yake kwa kutazama tu. Siku nyingine sikiliza mchezo wa redio ukiwa umefumba macho, na kila unapoona picha kichwani simamisha uandike ni mlio gani au neno gani lililokupa picha hiyo. Utashangaa ni vitu vichache kiasi gani. Kisha wiki mbili za redio, wiki mbili za filamu bila mazungumzo, na baada ya hapo rudi kwenye nathari yako ya kwanza uiandike upya bila kuifungua ile ya zamani. Jukwaa linaweza kusubiri, na rafiki yako wa gemu mwombe miezi miwili. Akikataa, mwandikie ukurasa mmoja tu unaoeleza mchezaji ni nani na atajutia nini, halafu muone kama kazi yake ina nafasi ya jambo hilo.

Imebaki kuchagua ipi kati ya tisa. Usichague uliyoipenda zaidi, hiyo utaibembeleza. Zipitie zote usiku mmoja ukitafuta kitu kimoja tu: ipi ndani yake kuna kitu ambacho mhusika anaweza kukishika mkononi, na ambacho mtu mwingine chumbani asingependa akishike? Ikiwa zipo mbili, chukua fupi. Ikiwa haipo hata moja, chukua ile uliyoiacha muda mrefu zaidi, umpe mhusika bahasha, na uniandikie baada ya wiki mbili uniambie alimpa nani.